Maneno Marefu ya Kiingereza na Herufi Zake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mengi ya maswali yaliyomo humu nimeulizwa na wanafunzi wangu wa darasa la jioni hapa Chake Chake, na yaliyobaki nimeulizwa barazani baada ya sala ya alasiri na watu wazima wanaocheza Scrabble, yaani mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa vibao vya herufi, au kujaza mafumbo ya maneno. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu darasani, yaani kwa kulikata neno vipande kwanza, kisha ndipo nikaeleza maana yake. Kila nilipotaja idadi ya herufi nimezihesabu mwenyewe kwa kalamu, na msomaji asiyeniamini anakaribishwa kuzihesabu tena.

Ni neno gani lililo refu kuliko yote katika kamusi za Kiingereza?

Linalotajwa kwa kawaida ni 'pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis', lenye herufi 45. Ni jina la ugonjwa wa mapafu unaotokana na kuvuta vumbi laini sana la silika, yaani madini yaliyomo katika mchanga. Ukilipasua utaona kwamba kila kipande kina kazi yake: 'pneumono' ni pafu, 'ultra' ni kupita kiasi, 'microscopic' ni kitu kidogo kisichoonekana ila kwa hadubini, 'silico' ni silika, 'volcano' ni mlima wa moto, na 'coniosis' ni maradhi yatokanayo na vumbi.

Lakini ni vyema msomaji ajue kwamba neno hili halikuzaliwa hospitalini. Lilibuniwa mwaka 1935 na Everett M. Smith, aliyekuwa rais wa chama cha wapenda mafumbo cha Marekani kiitwacho National Puzzlers' League, na nia ilikuwa ni kupata neno refu tu. Madaktari wenyewe husema 'silicosis', neno la herufi tisa, na mgonjwa hutibiwa vilevile. Mimi binafsi hulihesabu kuwa ni neno la maonyesho, kama jahazi lililopambwa kwa ajili ya sikukuu ambalo halina safari ya kwenda.

Na lile refu ambalo halikubuniwa kwa mchezo?

Hapo wengi hutaja 'antidisestablishmentarianism', lenye herufi 28. Hili lina historia ya kweli. Katika Uingereza kanisa la Anglikana ni kanisa rasmi la dola, na hali hiyo ya kuwa rasmi huitwa 'establishment'. Katika karne ya 19 walikuwapo watu waliotaka kanisa litenganishwe na dola, na kitendo hicho kikaitwa 'disestablishment'. Kwa upande wa Ireland kitendo hicho kilifanyika kweli: sheria yake ilipitishwa mwaka 1869 na kuanza kutumika mwaka 1871. Waliopinga utengano huo ndio wenye msimamo unaoitwa kwa neno hili, kwa kuongeza 'anti', yaani kupinga, mwanzoni, na 'arianism', yaani msimamo wa watu fulani, mwishoni.

Kwa hivyo neno zima lina maana ya msimamo wa kupinga kuliondolea kanisa hadhi yake ya kidola. Leo ni nadra kumkuta mtu akilitumia kwa maana hiyo. Wengi hulitaja kwa sababu ya urefu wake tu.

Nifanye nini ili nisome neno refu bila kukwama?

Swali hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu mwulizaji tayari ana jibu lake kinywani bila ya kujua. Mzazi akiuliza, 'Nani atakayetusomeshea watoto wetu?', hakuna mtu anayekaa kuhesabu kwamba neno 'atakayetusomeshea' lina herufi 17. Sikio la Mswahili hulipokea na kulichambua papo hapo: 'a' ni yeye, 'taka' ni wakati ujao, 'ye' ni kirejeshi, 'tu' ni sisi, 'som' ni mzizi wa kitendo, 'esh' ni kufanya mwengine asome, 'e' ni kwa ajili yetu, na 'a' ni kiishio. Vipande vinane katika pumzi moja, na Mwingereza angehitaji maneno sita au saba kusema hayo hayo.

Neno refu la Kiingereza hutaka kazi ile ile, na hapa Pemba mfano wake hauko mbali. Msimu wa karafuu, magharibi ikishaingia, watu hukaa juu ya mkeka, mtu akachukua kishada kimoja, akakiminya kwa kiganja na kukisokota kidogo, karafuu zikaangukia upande huu na makonyo yakatupwa upande ule. Fanya hivyo hivyo kwa 'uncharacteristically', lenye herufi 20. Konyo la mbele ni 'un', linalokanusha. Makonyo ya nyuma ni 'istic' na 'ally', yanayoligeuza neno kuwa sifa, kisha kuwa kielezi. Kinachobaki kiganjani ni 'character', yaani tabia. Basi maana yake ni kwa namna isiyo tabia ya mtu huyo. Mtu mpole aliyezoea kunyamaza, siku moja akagomba mbele za watu, Kiingereza kitasema amegomba kwa namna hiyo.

Jaribu pia 'deinstitutionalization', lenye herufi 22, ambalo mzizi wake ni 'institution', yaani taasisi, na maana yake ni kuwatoa watu, hasa wagonjwa wa akili, katika taasisi walizofungiwa na kuwarejesha waishi katika jamii. Jengine ni 'incomprehensibilities', lenye herufi 21, maana yake mambo yasiyofahamika.

Mbona maneno mengi marefu yana 'ph', 'pn', 'ps', 'rh' na 'y' mahali pasipotarajiwa?

Alama hizo ni muhuri wa Kiyunani. Wataalamu wa Ulaya walipohitaji majina ya maradhi, mimea na elimu mpya walichukua mizizi ya Kiyunani na Kilatini wakaiunga, na tahajia ikabakia na kumbukumbu ya asili yake hata pale sauti ilipokufa. Ndiyo maana 'p' ya 'pneumonia' na ya 'psychology' haisikiki kabisa, na mwanafunzi aliyezoea Kiswahili, ambamo kila herufi hulipwa haki yake, huona kama ametapeliwa.

Mfano ninaoupenda ni 'otorhinolaryngologist', lenye herufi 21. 'Oto' ni sikio, 'rhino' ni pua, 'laryngo' ni koromeo, na 'logist' ni mtaalamu. Kwetu tunasema daktari wa masikio, pua na koo, ambalo ni tafsiri ya vipande hivyo kwa mpangilio ule ule. Aliyewahi kuona faru akiitwa 'rhinoceros' atatambua pua ile ile. Kipande cha pili cha jina hilo maana yake ni pembe, kwa hivyo mnyama huyo ni pembe puani.

Je, kuna maneno ya Kiingereza yenye 'q' isiyofuatwa na 'u'?

Yapo, na Mzanzibari anayajua mengi kuliko anavyodhani. Kanuni ya Kiingereza ni kwamba 'q' hutembea na 'u' kama pacha, kwa mfano 'queen' na 'question'. Maneno yanayoivunja kanuni hiyo aghalabu yamekopwa, na idadi kubwa imetoka katika Kiarabu, ambamo 'q' husimama badala ya herufi qaf. Mtoto yeyote aliyesoma chuoni kwa maalimu anajua tofauti ya qaf na kaf kabla hajajua kuandika jina lake kwa herufi za Kirumi.

Sasa tazama orodha hii. 'Qadi' ni kadhi. 'Talaq' ni talaka. 'Faqir' ni fakiri. 'Suq' ni soko. 'Waqf' ni wakfu, neno ambalo kwetu limo hata katika jina la Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. 'Burqa' ni lile vazi la kufunika mwili na uso. Kiswahili kiliyapokea mengi ya maneno haya moja kwa moja kutoka kwa Waarabu, kikaigeuza qaf kuwa 'k' na kumalizia kwa irabu. Kiingereza kiliyapokea kwa njia nyengine, kikaibakisha 'q' bila ya 'u'. Ni ndugu waliolelewa nyumba mbili.

Nje ya Kiarabu liko 'qi', neno la Kichina lenye maana ya nguvu ya uhai inayosemwa kuwa huzunguka mwilini. Wachezaji wa Scrabble hulipenda kwa sababu ni fupi mno na herufi 'q' ina pointi 10.

Maneno haya marefu yanasaidia katika Scrabble?

Hayasaidii sana. Ubao una miraba 15 kwa 15, kwa hivyo neno lolote lenye herufi zaidi ya 15 halina pa kukaa, na mchezaji ana vibao saba tu mkononi. Anayemaliza vyote saba kwa mkupuo mmoja hupata nyongeza ya pointi 50. Faida imo katika maneno mafupi yenye herufi ghali: 'q' na 'z' ni pointi 10 kila moja, 'j' na 'x' ni nane, na 'k' ni tano. 'Qadi' peke yake, bila ya miraba ya rangi inayozidisha pointi, ni pointi 14. Nimemwona mzee mmoja barazani akishinda kwa 'suq' huku mpinzani wake, kijana wa chuo kikuu, akingojea nafasi ya neno la herufi tisa.

Yapo maneno yasiyo na 'a', 'e', 'i', 'o' wala 'u'?

Yapo, na kwa kawaida 'y' ndiyo inayobeba kazi ya irabu. 'Rhythms', lenye herufi saba, ni mapigo ya ngoma au ya muziki. Lakini lenye utamu zaidi ni 'syzygy', herufi sita ambazo tatu kati yake ni 'y'. Ni neno la elimu ya nyota, na maana yake ni kukaa kwa jua, dunia na mwezi katika mstari mmoja.

Mwanafunzi akiniambia kwamba neno kama hilo halina kazi Zanzibar, humwuliza kama mama yake analima mwani. Jua, dunia na mwezi hujipanga hivyo mwezi unapoandama na tena unapokuwa mpevu, na hapo mvuto wa jua na wa mwezi huongezana. Matokeo yake ni bamvua: maji hujaa sana, kisha hutoka sana. Kinamama wa Paje na Jambiani huyasubiri maji hayo yatoke ili waende mbali kwenye mashamba yao, na wavuvi wa pweza hupita miambani kwa miguu. Siku za maji mafu, jua na mwezi zikiwa pembe mbalimbali, hakuna linalowezekana. Neno la Kiingereza linataja sababu iliyoko juu mbinguni. Neno letu linataja kinachoonekana ufukweni.

Asili ya 'syzygy' ni Kiyunani, kwa maana ya kuunganishwa pamoja kama ng'ombe wawili chini ya nira moja. Mzizi huo huo umo katika jina la kitaalamu la mkarafuu, Syzygium aromaticum, na la mzambarau, Syzygium cumini. Hayo ni majina ya Kilatini cha wataalamu wa mimea, si ya Kiingereza cha kawaida. Kiingereza cha kawaida huiita karafuu 'clove', kutokana na neno la Kifaransa lenye maana ya msumari. Aliyewahi kuitazama karafuu kavu, na kichwa chake kile, hahitaji kuelezwa kwa nini.

Ni neno gani lina konsonanti nyingi na irabu moja tu?

'Strengths', maana yake nguvu au sifa bora za mtu, lina herufi tisa na irabu moja. Tena hutamkwa kwa silabi moja tu. Sijapata kumsomesha mwanafunzi aliyelitamka sawasawa siku ya kwanza, nami pia sikuweza. Ulimi wetu hutafuta irabu kila baada ya konsonanti, na isipopatikana huitengeneza wenyewe. Ndivyo 'school' ilivyopata 'i' mwishoni ikawa skuli.

Kwa konsonanti zilizofuatana bila ya irabu kati yake, tazama 'catchphrase', maana yake kauli ambayo mtu huirudia mpaka ikawa kitambulisho chake. Humo zimo sita kwa mfululizo: t, c, h, p, h, r. Hata hivyo jicho linatishika kuliko sikio, kwa kuwa 'tch' ni sauti moja na 'ph' ni 'f' tu.

Na lenye irabu nyingi?

'Queueing', yaani kupanga foleni, lina irabu tano zilizofuatana. Kati ya maneno yenye irabu zote tano kwa mpangilio wa alfabeti, yanayofaa kukumbukwa ni mawili. La kwanza ni 'abstemious', sifa ya mtu anayejizuia katika kula na kunywa. La pili ni 'facetious', sifa ya mtu anayefanya mzaha mahali pasipofaa. Ukiongeza 'ly' kwa hili la pili unapata 'facetiously', na 'y' inajiunga nazo mwishoni.

Kuna neno refu ambalo halirudii herufi hata moja?

Yako mawili yenye herufi 15 kila moja. 'Uncopyrightable' ni kitu kisichoweza kuwekewa hakimiliki. 'Dermatoglyphics' ni elimu ya mistari ya ngozi ya vidole na viganja, kutokana na maneno ya Kiyunani ya ngozi na kuchonga. Kila aliyebonyeza kidole ili apewe kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi ametoa mchango wake kwa elimu hiyo.

Na yanayorudia herufi moja mara nyingi?

'Indivisibility', hali ya kutogawanyika, ina 'i' sita. 'Possessionlessness', hali ya kutokuwa na mali yoyote, ina 's' nane, na ni neno zuri la kumsomea mtu aliyeng'oka meno ya mbele. 'Knickknack', kikorokoro cha kupambia rafu, lina 'k' nne, na mbili za mwanzo wa kila nusu hazitamkwi; baadhi ya kamusi za Uingereza hulikata kwa kistari katikati. 'Pizzazz', mvuto na uchangamfu wa kupendeza, lina 'z' nne katika herufi saba. Kwa watu wa nchi yenye 'z' mbili katika jina lake, hilo si la kushangaza.

Linalofaa kuangaliwa kwa makini zaidi ni 'bookkeeper', maana yake mtunza hesabu. Lina herufi pacha tatu mfululizo: oo, kk, ee. Nilipokuwa kijana niliandika barua ya kuomba kazi hiyo hiyo katika ofisi moja mjini Unguja, nikaandika jina la kazi kwa 'k' moja, si mara moja bali mara tatu. Barua ilirudi bila ya majibu, na neno limezungushiwa wino mwekundu mara zote tatu. Nikaingia ualimu.

Lipo neno refu lisilo na 'e'?

Swali hili lina maana kwa sababu 'e' ndiyo herufi inayotumika zaidi katika Kiingereza. Hata katika Scrabble vibao vya 'e' ni 12 kati ya 100. Jibu ni 'floccinaucinihilipilification', lenye herufi 29, bila ya 'e' hata moja na lenye 'i' tisa. Limeundwa kwa maneno manne ya Kilatini: 'flocci', kinyoya cha sufi, 'nauci', kitu duni, 'nihili', si chochote, na 'pili', unywele. Lilikwishaandikwa na mshairi William Shenstone katika barua yake ya mwaka 1741, na maana yake ni kukihesabu kitu kuwa hakina thamani. Kiswahili husema kubeza, kwa herufi sita, na aliyebezwa huumia vilevile.

Mbali na maneno mamoja, vifungu vya maneno vina nini cha kujifunza?

Maarufu kuliko vyote ni 'The quick brown fox jumps over the lazy dog', maana yake mbweha mwepesi wa rangi ya kahawia anamruka mbwa mvivu. Kina herufi 35, na ndani yake zimo herufi zote 26 za Kiingereza. Wafundishaji wa kupiga chapa walikitumia kujaribu vidole, na hadi leo kompyuta hukionyesha ili mtu aone sura ya mwandiko.

Vifungu vinavyowasumbua watu wazima, hata hivyo, ni vya barua na sheria. 'To whom it may concern', herufi 18, ni kwa yeyote anayehusika, na mwenye barua iliyoanza hivyo asitafute jina la mtu. 'Notwithstanding', neno moja la herufi 15 lililounganishwa kutokana na matatu, maana yake ni licha ya, au bila ya kujali. Likionekana mwanzoni mwa kifungu cha mkataba, jua kwamba kinachofuata baada ya mkato ndicho kitakachoshika nguvu, hata kama kifungu chengine kimesema vyengine. Nimeona watu wakitia saini mikataba ya nyumba bila ya kulielewa neno hilo moja.

Msomaji pia huuliza kwa nini sheria za Kiingereza husema jambo mara mbili, kama 'will and testament' kwa wasia, 'breaking and entering' kwa kuvunja na kuingia, au 'goods and chattels' kwa mali inayohamishika. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kiliingia mahakamani pamoja na Kilatini, huku raia wakiendelea na Kiingereza chao. 'Will' ni la raia, 'testament' ni la mahakama. Yakawekwa yote mawili. Baadaye mtindo ukawa mazoea, mpaka wakaunganisha hata maneno mawili ya upande mmoja, kama 'null and void', yaani batili. Sisi tunaoandika 'kwa heshima na taadhima' tusiwacheke sana.

Kuna maneno yanayosomeka sawa kwenda na kurudi?

'Rotavator', mashine ya kutifua udongo shambani, lina herufi tisa na husomeka vivyo hivyo kutoka nyuma. Katika vifungu, kilicho maarufu ni 'A man, a plan, a canal, Panama', yaani mtu, mpango, mfereji, Panama, chenye herufi 21.

Kwa Kiswahili mchezo huu una sharti lake: kwa kuwa maneno yetu humalizika kwa irabu, linalosomeka pande zote mbili halina budi lianze kwa irabu pia. Mengi ni mafupi, kama 'ama' na 'ada'. Zuri nililoliona ni 'akika', ile karamu ya kuchinjiwa mtoto mchanga.

Majina ya mahali na ya kemikali huhesabiwa?

Hayahesabiwi katika mashindano ya kamusi. Jina kamili la kikemia la protini iitwayo 'titin' lina herufi 189,819, na hakuna mwenye akili zake anayeliita neno.

Lugha zetu zimechangia neno lolote refu katika Kiingereza?

'Safari' kila mtu analijua, nalo kwetu limetoka Kiarabu. Refu zaidi ni 'chikungunya', herufi 11, jina la homa inayoenezwa na mbu na kuacha maumivu makali ya viungo. Limetoka katika Kimakonde, kwa maana ya kinachokunja mtu, kwa vile mgonjwa hutembea ameinama. Ugonjwa ulielezwa baada ya mripuko wa miaka ya 1952 na 1953 kusini mwa Tanganyika, na sasa madaktari wa dunia nzima hulitamka neno la Kimakonde bila ya kujua kwamba wanasema Kimakonde.

Ni neno gani refu la Kiingereza lililo jepesi zaidi kwa Mswahili kulitamka?

Nimelijaribu hili kwa wanafunzi wa miaka mingi. Ni 'honorificabilitudinitatibus', lenye herufi 27, lililomo katika mchezo mmoja wa Shakespeare uliochapishwa mwaka 1598. Kwa asili ni Kilatini, na maana yake ni kuwa katika hali ya kuweza kupewa heshima. Tangu mwanzo hadi mwisho linapishanisha konsonanti na irabu, moja kwa moja, bila ya kukosea. Niliandika 'strengths' ubaoni, darasa zima likakwama. Nikalifuta, nikaandika hili, na msichana wa benchi la mbele akalisoma kwa mkupuo, ho-no-ri-fi-ka-bi-li-tu-di-ni-ta-ti-bu, akasita kwenye 's' ya mwisho, akaniuliza kama anaweza kuitilia 'i'.